Transfa ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaishi Madale, huko juu vilimani, lami inapokwisha na mawe kuanza. Kazi yake ni kukodisha viti, maturubai na masufuria makubwa kwa shughuli za watu: harusi, misiba, maulidi, vipaimara. Hachagui. Yeye ni Mmakonde wa kusini. Alikuja Dar na mumewe aliyekuwa mchonga vinyago, na mume alipofariki aliuza magogo ya mpingo yaliyobaki uani, akanunua viti vya plastiki na turubai moja la kijani. Siku hizi ana stoo nzima. Mizigo yote anaibeba kwa pikapu yake ya zamani ya fo-wili, na anaendesha mwenyewe, khanga kiunoni, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba.

Mie ni fundi magari. Gereji yangu iko Mikocheni, kati ya karakana ya madirisha ya aluminiamu na banda la mama mmoja anayepika wali na maharage. Nimezaliwa Temeke, Mzaramo kwa baba na kwa mama, na ufundi nimejifunza kwa kushika spana, si darasani. Nilipokwenda kuposa, mama mkwe alinipokea kwa heshima zote na ubaridi wote. Hakunikataa. Aliniuliza swali moja tu mbele ya wazee wangu: "Huo ufundi wako umesomea au umeokotea?" Baba yangu mdogo alikohoa. Nikajibu kwamba nimejifunza gereji tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Akasema, "Haya," na mazungumzo yakaendelea na mambo mengine.

Miaka sita baada ya ndoa, bado nilikuwa naisikia ile "haya."

Kwa hiyo unaweza kuelewa nilivyojisikia siku aliyoingia gereji kwangu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Jumatano asubuhi, wiki chache kabla ya masika. Aliegesha pikapu katikati ya uwanja, akateremka, akaitikia shikamoo yangu bila kunitazama, macho yakiwa kwenye kuta na vyuma vilivyotundikwa.

"Mkwe," alisema, "gari linagonga mawe. Kila nikipanda kile kilima cha kwetu nasikia kama mtu anapiga bati chini ya kiti changu. Nataka ulinyanyue."

"Nitalinyanyua, mama. Unalitaka lini?"

"Ijumaa jioni. Jumamosi nina harusi mbili."

Siku mbili. Ningekuwa nazungumza na mteja mwingine yeyote ningesema haiwezekani. Nikasema sawa.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana bila hivyo yaliyofuata hayataeleweka. Gari la fo-wili lina sanduku dogo la gia nyuma ya giaboksi yenyewe, na sisi mafundi tunaliita transfa. Ndilo linalogawa nguvu ya injini kati ya matairi ya nyuma na ya mbele, na ndilo lenye ile gia nzito ya kupandia milima, tunayoiita lo. Kutoka kwenye transfa zinatoka propela, yaani fito mbili za chuma zinazozunguka, moja kwenda mbele, moja kwenda nyuma. Gari likiwa katika kimo chake cha kawaida, propela hulala karibu sawa na ardhi. Ukilinyanyua gari, transfa inapanda nalo, ekseli inabaki chini, na propela inabaki imesimama mshazari kama ngazi. Ikizunguka hivyo inatikisika, na mtikisiko wote unakwenda kuzitafuna beringi za transfa na sili zake, ile mipira inayozuia oili isivuje. Dawa yake ipo. Unaweka kabari za chuma kwenye ekseli ili igeuke iitazame transfa, na unaangalia kama fimbo ya gia bado inafika mwisho wake. Ni kazi ya nusu siku, ukiwa na kabari.

Sikuwa na kabari. Fundi wa kukereza ninayemwamini yuko Temeke, na nilipompigia simu aliniambia njoo Jumatatu.

Alhamisi na Ijumaa nilifanya kazi kama niliyepagawa. Nikabadili springi, nikaweka ndefu. Kati ya bodi na chesisi nikaingiza vipande vya kuinulia bodi. Nikafunga matairi makubwa zaidi. Kufikia saa kumi ya Ijumaa gari lilikuwa limesimama kifua mbele, na hata yule mama wa wali alitoka nje kulitazama. Nililiendesha kuzunguka uwanja wa gereji mara mbili, taratibu, na kwa mwendo huo huwezi kusikia mtikisiko wowote. Fimbo ya transfa niliisukuma ikaingia kwenye lo, nikaona inagota ukingo wa tundu la sakafu, ila imeingia. Nikajiambia, Jumatatu. Jumatatu nitaweka kabari na hili tundu nitalipanua.

Mama mkwe alikuja na bodaboda. Alilizunguka gari pole pole, akainama, akapitisha mkono mzima kati ya tairi na bodi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia alirudishe Jumatatu kwa sababu kazi haijaisha. Akasimama wima, akasema, "Sasa hili ni gari." Halafu akaongeza, akiwa anapanda, bila kunigeukia: "Kumbe binti yangu hakukosea."

Nikafunga mdomo.

Nimeirudia dakika ile kichwani mara nyingi. Hakuna aliyenizuia kusema. Kuna Jumatatu nyingine tele zilikuja baada ya ile, na kila moja niliiona, na kila moja nilijiambia kwamba gari linafanya kazi, mama hajalalamika, na nikimwita sasa ataona kumbe alisifu kazi nusu.

Baada ya kama wiki tano, mke wangu aliniambia tukiwa tunakula: "Mama anasema gari linanguruma."

"Linanguruma lini?"

"Anasema akikanyaga mafuta linanyamaza, akiachia linanguruma. Na anasikia ganzi miguuni, kwenye lile bamba la sakafu."

Fundi yeyote akiambiwa maneno hayo anajua. Mlio unaobadilika ukikanyaga na ukiachia, mtetemo chini ya miguu, kwenye gari lililonyanyuliwa: ni propela inalia. Nilimwambia mke wangu, "Ni matairi. Yale makubwa yana kelele." Akanitazama kidogo. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, amezoea kutazama watu wanaojibu haraka. Akampelekea mama yake jibu langu kama lilivyo.

Baadaye ndipo nilipojua yaliyotokea huko Madale baada ya jibu lile. Mama mkwe hakuuliza tena. Aliona matone ya oili kwenye sementi ya uani, mahali anapoegesha, akaweka kopo la rangi chini yake ili sementi isichafuke. Fimbo ya lo ilianza kuchomoka yenyewe akiwa mlimani. Akaifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, ncha nyingine akaifunga kwenye mguu wa kiti. Kila shida akaitafutia dawa yake mwenyewe. Fundi alishasema ni matairi, na huyo fundi ni mkwe wake. Ungemtaka afanye nini?

Masika yakaingia. Kulikuwa na msiba juu ya kilima, mtaa wa pili kutoka kwake, na watu walikuwa wanataka viti na maturubai kabla ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi simu yangu ililia, na mke wangu alikuwa anazungumza kwa ile sauti ya chini anayoitumia akiwa na hofu.

"Gari la mama limerudi nyuma mlimani. Yeye ni mzima. Nenda."

Sikumbuki vizuri nilivyofika. Nakumbuka tu nilivyoacha gari langu chini, nikapanda kwa miguu, viatu vikijaa tope.

Yaliyotokea nilisimuliwa na mfungaji wake wa maturubai, mwanamume wa makamo aliyekuwa amekaa naye mbele. Walikuwa katikati ya kilima, kwenye lo, mzigo umejaa. Ukanda wa mpira ukakatika, fimbo ikachomoka, na transfa ikabaki haiko kwenye gia yoyote. Ikiwa hivyo, injini inazunguka bure na hata gia ya giaboksi haishiki kitu. Mama alikanyaga breki. Matairi yakasimama, lakini tope halikusimama. Gari likateleza kinyumenyume, si kwa kasi, mfungaji alisema, bali kwa utaratibu kama linaloegeshwa, na mama alikuwa ameshika usukani akitazama kioo na kusema, "Usiruke. Kaa. Usiruke." Aliliongoza mpaka likaegemea ukingo wa udongo upande wa kushoto. Upande wa kulia kulikuwa na korongo la maji ya mvua. Komeo la nyuma lilifunguka, na viti vikamwagika barabarani.

Nilipofika, mama mkwe alikuwa amekaa kando ya barabara kwenye kimojawapo cha viti vyake, mwavuli umefunguka, mkono wa kushoto umefungwa kipande cha khanga. Watu wa msibani walikuwa wameteremka, wengine na kanzu, wengine na makoti ya mvua, na kila mmoja alikuwa anabeba viti vinne vinne kichwani na kupanda navyo. Msafara mzima wa viti vyeupe ulikuwa unapanda kilima ndani ya mvua, na yeye alikuwa anavihesabu kwa kidole.

"Shikamoo mama. Umeumia?"

"Marahaba. Mkono umeteguka kidogo. Beba viti kwanza, gari litasubiri. Wale watu wamefiwa."

Nikabeba viti. Nilipanda na kushuka mara saba au nane. Katika safari ya tatu nilipita karibu na pikapu na kuchungulia chini yake, na niliona nilichokuwa nimeshajua: nyuma ya transfa, palipotokea propela, pote palikuwa pamelowa oili nyeusi iliyoshikana na vumbi, na haikuwa ya siku ile wala ya wiki ile.

Kesho yake mvua ilikatika. Nilifungua propela zote mbili kabla ya kulivuta gari, maana ukilivuta zikiwa zimefungwa, transfa inazunguka kavu bila oili na unamalizia uharibifu. Nilikuwa nimepanga kulipeleka Mikocheni. Mama mkwe akakataa.

"Fungulia hapa uani. Nataka nione."

Akatandika turubai kuukuu. Akaleta kiti chake, akakaa hatua mbili kutoka kwangu, mkono kifuani, na akakaa hapo mpaka mwisho. Mke wangu alikuwepo pia, alikuja kumpikia mama yake kwa ajili ya ule mkono.

Kwanza nilifungua nati ya kumwagia oili na kuikinga kwa beseni. Ilitoka kidogo sana, haikufika hata nusu ya inayotakiwa, na ilikuwa ya kijivu, na ndani yake kulikuwa na vumbi linalong'aa.

"Ile inayong'aa ni nini?" akauliza.

"Chuma, mama. Kimesagika."

Nikachovya sumaku ndogo niliyonayo kwenye kisanduku cha spana. Ikatoka na manyoya. Nikamwonyesha. Kwenye chuma cha kufungia propela ya nyuma nilishika kwa mikono miwili nikatikisa, kikacheza juu chini; kikiwa kizima hakichezi hata kidogo. Nilipolishusha sanduku lote na kulipasua katikati, beringi ya nyuma ilikuwa imevunjika, gololi zake mbili zimelala chini kabisa kwenye matope ya oili. Cheni inayopeleka nguvu kwa matairi ya mbele ilikuwa imelegea, na kwenye ukuta wa ndani wa sanduku palikuwa na mchirizi mweupe ilipokuwa ikipiga. Meno ya gia ya lo yalikuwa yameliwa upande mmoja tu, kwenye ncha.

Alinitaka nimpe ile gia. Akaivaa miwani, akaigeuza mkononi kwa muda mrefu. Mumewe alikuwa mchongaji. Alishaishi na watu wanaosoma alama kwenye kitu kigumu.

"Yameliwa ncha," akasema. "Huku chini ni mazima. Maana yake yalikuwa hayaingii yote."

"Ndiyo mama. Fimbo ilikuwa inagota kwenye sakafu kabla gia haijaingia yote. Ndiyo maana ilikuwa inachomoka."

"Na hii beringi?"

"Propela ilikuwa imesimama sana. Ilikuwa inatikisika. Ikaiua sili, oili ikavuja, na beringi ikabaki kavu."

"Nini kilichofanya propela isimame na fimbo igote?"

Kulikuwa na jibu jepesi. Gari lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko wa mke wangu. Ningeweza kusema, mama, ni uzee tu, vyuma vinachoka. Yeye asingejua, na mfungaji wa maturubai aliyekuwa amesimama pembeni asingejua. Mke wangu alikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Ni mie," nikasema. "Nilipolinyanyua sikumalizia kazi. Kulikuwa na kabari za kuweka na tundu la kupanua. Sikuweka."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile, mama. Na uliposema linanguruma, nilijua pia."

Alivua miwani. "Sasa kwa nini hukusema?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye turubai, mikono imejaa oili mpaka viwikoni. Nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa amenisifu, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na sikutaka kuiharibu. Niliposikia maneno hayo yakitoka kwa mtu mzima mwenye watoto wawili, niliona jinsi yalivyo madogo.

Mama mkwe aliiweka ile gia juu ya turubai, taratibu. Akainuka, akaingia ndani. Hakubamiza mlango. Baada ya muda mke wangu alitoka na kikombe.

"Mama anasema unywe chai."

"Amekasirika?"

"Amekasirika sana. Kunywa chai."

Nikanywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Kwa wiki tatu hakuzungumza na mie. Alikodi kenta ya jirani kwa kazi zake, na ujumbe wake ulinijia kupitia kwa mke wangu, mfupi mfupi: mama anauliza umepata beringi, mama anauliza kama ile cheni utabadili au utarudishia ile ile. Nilibadili cheni, beringi zote, sili zote, na gia ya lo. Nilikwenda Temeke kwa yule mkerezaji, nikasimama kando ya mashine yake akikereza kabari mpaka akamaliza. Nilipunguza kimo: vile vipande vya kuinulia bodi nilivitoa kabisa, nikaacha springi peke yake, kwa sababu mama alitaka tumbo lisigonge mawe, hakuwahi kuomba gari refu. Urefu mwingine ule ulikuwa mapambo yangu. Matairi nilirudisha ya kadiri, manne yenye kipimo kimoja na uchakavu mmoja. Na kuna kimpira chembamba juu ya transfa cha kupumulia. Nilikikuta kimezibwa na tope, na transfa isipopumua, joto linaisukuma oili itokee kwenye sili. Nikakirefusha mpaka juu karibu na injini, tope lisikifikie.

Siku ya kulikabidhi nilimwomba, kupitia kwa mke wangu, kwamba nikae naye pembeni tulijaribu pamoja. Alikubali. Tuliteremka mpaka Tegeta. Kwenye lami nikamwona ananyoosha mkono, anavuta fimbo kuingiza fo-wili.

"Mama, huwa unaweka fo-wili huku?"

"Siku zote, tangu mvua zianze. Si ni salama zaidi, matairi manne kuliko mawili?"

Nikamwomba aegeshe. Nikamweleza kwamba gari likikata kona, matairi ya mbele yanakwenda njia ndefu kidogo kuliko ya nyuma. Kwenye tope hilo halina shida, tairi linateleza na mambo yanakwisha. Kwenye lami kavu haliwezi kuteleza, kwa hiyo ule mvutano unabaki ndani ya transfa, na cheni ndiyo inayovutwa huku na huku mpaka inalegea. Fo-wili ni ya tope, mchanga na mawe. Ukifika lami, itoe.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hilo nalo hukuniambia," akasema.

"Sikukuambia, mama."

"Una mengine?"

"Ninayo."

"Yaseme yote leo." Akazima injini. Na pale pale kando ya barabara, malori ya kokoto yakitupita, nilimsomea kila kitu ninachokijua kuhusu transfa. Weka kipande cha boksi chini ya gari usiku, asubuhi kitakuambia kama kuna kinachovuja. Weka kiganja juu ya fimbo ukiwa unaendesha. Mtetemo unaanzia hapo kabla haujafika masikioni. Ukisikia kitu kinagonga ndani ukikanyaga mafuta kwa nguvu, hiyo ni cheni. Gia ikichomoka mara moja, simama, usiifunge kwa mpira. Ukivuka maji yaliyofika kwenye ekseli, oili ikaguliwe wiki ile ile. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa, na mara mbili alinikatiza kuuliza. Swali lake la mwisho halikuhusu gari.

"Na mwanangu unamfichaga mambo namna hii?"

Nikasema hapana. Halafu nikafikiri, nikasema, machache.

"Ukamwambie," akasema, na akawasha gari.

Siwezi kusema kwamba baada ya hapo tulikuwa marafiki. Alikuwa mkwe wangu kama kawaida, shikamoo na marahaba. Ila alianza kunipigia simu moja kwa moja bila kupitia kwa mke wangu, na simu zake zilikuwa za kikazi. "Mkwe, leo kiganja kimehisi kitu kidogo, mwendo wa hamsini, kinakwisha sitini." Nikamwambia alete. Ilikuwa kros ya propela, kile kiungio cha kwenye ncha yake, imeanza kukauka. Grisi tu, dakika kumi. Akaniangalia nilivyopiga grisi, na mara iliyofuata alikuja na grisi yake mwenyewe.

Gereji kwangu nilibadilika pia, ingawa si kwa kelele. Vijana wa Mikocheni wanapenda magari yaliyonyanyuliwa, wanataka yawe tayari Ijumaa. Nawaambia kazi inachukua siku nne na kabari ziwe zimeshafika. Wengi wanaondoka. Kuna gereji nyingine zinazonyanyua kwa siku moja, na sina neno la kuwasema, kwa sababu najua jinsi wanavyofikiri saa kumi ya Ijumaa.

Mwaka uliofuata shughuli zake ziliongezeka, akataka gari la pili. Akanichukua tukatazame moja huko Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro, kwa mzee mmoja mstaafu mwenye adabu sana. Lilikuwa zuri kweli, rangi ya maziwa, limenyanyuliwa juu, limeoshwa mpaka chini ya bamba. Mwenyewe alinigeukia mie na kuanza kunieleza habari za injini. Mama mkwe akaomba ufunguo. Tukapanda wote watatu, yeye akiendesha, tukaacha lami tukaingia barabara ya vumbi yenye mteremko. Aliweka kiganja juu ya fimbo, akaacha mafuta, akakanyaga, akaacha tena. Tuliporudi aliomba kipande cha boksi. Akakilaza chini, akajifunga khanga vizuri, akalala chali na kuingia chini ya gari mpaka miguu tu ikabaki nje. Yule mzee alinitazama. Nikatazama kuku wake.

Alipotoka alikuwa na kidole kimoja cheusi. Akakifuta kwa jani.

"Baba," akamwambia, "gari lako zuri, lakini transfa inaumwa. Wamelisafisha vizuri, lakini sili ya nyuma imeanza kutoa tena, na propela imesimama kupita kiasi. Usipande nalo mlima kabla hujalifungua. Mie nilipanda na langu likiwa hivi hivi, nikarudi kinyumenyume na viti vya watu."

Mzee hakupenda. Alisema gari limekaguliwa na mafundi wawili. Akanigeukia tena, nadhani alitaka nimtetee. Nilisema tu kwamba sina la kuongeza, na kweli sikuwa nalo. Tukaaga, tukanunua mananasi njiani, tukarudi.

Siku kumi hivi zilipita, yule mzee akanipigia. Alikuwa amelifungua. Beringi ya nyuma ilikuwa imepasuka, bado haijamwagika. Alitaka kujua yule mama ni fundi wa gereji gani. Nikamwambia si fundi, anakodisha viti na maturubai, Madale. Akauliza kama huwa anafika mpaka Kibamba, maana binti yake anaolewa mwezi ujao.